Kimefupishwa na Kukaangwa na Nélida Bentancor

Ijumaa tarehe 28 Agosti 2009, baada ya miaka arobaini na moja ya utumishi katika nyumba ya vitabu ya Iriondo, hapa Montevideo, Doña Nélida Bentancor atastaafu. Atakabidhi kalamu nyekundu, mkasi, kiti ambacho fundi alishakataa kukitengeneza, na ufunguo wa jiko. Uongozi umeomba wasifu wake uandikwe kwa heshima na usizidi ukurasa mmoja. Aliyeombwa ni mimi, Wilson Arrambide, msahihishaji prufu, na kwa kuwa anayeondoka ndiye mfupishaji wetu, hakuna wa kunikata.

Kwa wageni watakaokuja kwenye sherehe kwa ajili ya chakula tu, nieleze kazi yetu. Tunachukua vitabu vikubwa vya watoto vya zamani, vile ambavyo kila mtu anavisifu na hakuna anayevimaliza, tunavifupisha hadi viingie kwenye kurasa tisini na sita, kisha tunaviuza kwenye vibanda vya magazeti. Mwanzilishi wetu, marehemu Don Anselmo Iriondo, aliacha kanuni ya kukata iliyobandikwa ukutani kama amri ya kanisa: hali ya hewa kwanza, mahubiri pili, mama tatu.

"Mama mwenyewe anakufa sura ya kwanza," alikuwa akisema. "Tunampotezea wino wa nini?"

Na alikuwa na hoja. Fungua kitabu chochote cha zamani cha watoto, utakuta mama ama yuko kaburini, ama yuko kitandani anakohoa, na ukimkuta anakohoa usijisumbue kulijua jina lake.

Nélida aliingia nyumba hii mwaka 1968 akitokea Treinta y Tres, mji ambao kweli jina lake ni Thelathini na Tatu, na ukicheka anakuuliza wa kwenu unaitwaje. Alikuwa mwembamba, mwenye sauti ya kuita ng'ombe, na alikuja na sanduku moja na sufuria moja. Sanduku lilipotea mwaka huohuo. Sufuria mnaijua.

Kitabu alichopewa kwanza kilikuwa cha mvulana aliyetoroka na meli. Mama alikuwa amekufa tayari, kwa hiyo Nélida hakuwa na wa kumkata hapo. Alikata mahubiri, akakata nyangumi wawili kati ya watatu, akafika mahali ambapo mvulana anashikwa na homa katikati ya dhoruba. Kitabu kilisema tu kwamba baada ya siku kadhaa alipona. Nélida akainuka, akaenda na ukurasa mkononi hadi mezani kwa Don Anselmo.

"Amepona kwa mkono wa nani?" akauliza.

"Amepona tu."

"Mtoto haponi tu, Don Anselmo. Mtoto anapona mtu akikesha."

Don Anselmo akamwambia asilete falsafa ya Treinta y Tres mjini. Nélida akarudi kwenye kiti chake, akaandika nusu ukurasa kutoka kichwani mwake. Akamtia jikoni mwa meli mwanamke mnene, mfua nguo wa zamani, mwenye kufuta mikono kwenye aproni kabla ya kumshika mtoto, iwe kumbembeleza au kumzaba kofi. Mwanamke huyo akamkalisha mvulana karibu na jiko, akakaanga torta, akamwekea moja ya moto kiganjani. "Kula kwanza," akamwambia, "utalia baadaye."

Don Anselmo aliisoma. Msahihishaji wa kabla yangu aliisoma. Washington, mchapaji wetu, akaipanga herufi kwa herufi. Hakuna aliyeuliza yule mwanamke ametokea wapi. Dhoruba ilikuwa inavuma, mvua inanyesha. Na mvua ikinyesha hapa kwetu, unga unakandwa, shahamu inayeyushwa, na torta frita, ule mkate bapa wenye tundu katikati, zinakaangwa hata kama paa linavuja. Tungeshtuka kama wale mabaharia wasingekaanga.

Basi mwenzenu akaonja, akanogewa. Kitabu cha pili, cha msichana yatima katika jumba la baridi la mjomba tajiri: mfua nguo, torta. Cha ndugu wawili waliopotea kwenye theluji: mwanamke kibandani, anafuta mikono, torta. Theluji ni mvua iliyoganda, alisema, kwa hiyo inahesabika. Jina lilibadilika kila kitabu, lakini mwili, aproni na ule msemo ulikuwa mmoja. Na kwa kuwa torta zinahitaji mvua, Nélida alianza kuivunja kanuni ya kwanza ya ukutani na kuibakiza mvua yote. Matokeo yake kuna vizazi viwili vya watu wazima nchini humu, wengine madaktari na mahakimu, wanaoamini kwamba Ulaya mvua haikati na maharamia hunukia shahamu.

Kila mtu alisoma, kila mtu akapitisha. Hata miaka ile ya utawala wa wanajeshi, mkaguzi alipoletewa kitabu cha meli atafute mawazo mabaya, alikaa nacho wiki nzima, akakirudisha na dokezo moja tu: yule mama anakanda na maji ya baridi, angetumia ya uvuguvugu. Nélida alirekebisha katika toleo lililofuata. Alimchukia mtu yule, lakini kuhusu maji alikuwa sahihi.

Msidhani nawaandikia habari za malaika. Nélida alikuwa na hasira za karibu, na sikio la kutosikia anachokikataa. Mwandishi mmoja alikuja analia kwamba kitabu chake kimechinjwa. Nélida akampeleka jikoni, akamlisha, na mtu huyo alipokuwa bado anatafuna, akakata kurasa nyingine arobaini. Mimi mwenyewe aliniita "mwanangu" kwa miaka ishirini na mitano, na kwa miaka yote hiyo hakuna koma yangu hata moja aliyoikubali bila vita. Prufu ikirudi kutoka kwake ina doa la mafuta, tulijua imepita. Ikirudi safi, tulijipanga.

Pia ana nadharia, ambayo ameitoa jikoni mara nyingi kuliko padri anavyotoa baraka. Mama akiwepo hakuna hadithi, anasema. Mama angeuliza unaenda wapi, angesema vaa sweta, kesho shule, na kitabu kingeishia mlangoni. Ndiyo maana waandishi wakubwa humwua mapema. Kisha wanaume wanakuja na panga na ramani, na ndio wanaochorwa kwenye jalada. Lakini tafuta vizuri, utamkuta mwanamke mmoja asiyemzaa mtu, shangazi mkali au mpishi au jirani, mwenye ufunguo wa jikoni. Wengi wao wamepewa mistari mitatu. Ukimwondoa huyo, mtoto anakufa ukurasa wa ishirini na tunabaki na ramani.

Sasa nifike kwenye mwaka 1991, ambao uongozi umeniomba niuguse kidogo. Nitaugusa kwa mikono miwili.

Nyumba ilikuwa inatimiza miaka hamsini. Don Anselmo alikuwa ameshafariki, na mwanawe, Don Fermín, bosi wetu wa leo, alitaka sherehe ya watu wasomi. Akamwalika kutoka Hispania Dokta Leocadio Barrientos aje kuhutubia juu ya umuhimu wa mama katika vitabu vikuu vya watoto. Dokta alikuwa mtu wa adabu. Kwa adabu hiyo, kabla ya hotuba alivisoma vitabu vyetu. Hilo ndilo lililotuponza, maana wageni wa heshima huwa hawafanyi hivyo.

Siku yenyewe ilinyesha. Ukumbi ulijaa walimu, wauza magazeti na jamaa zao, na kwa kuwa ilinyesha, sinia za torta zilikuwa zinazunguka. Dokta alipanda jukwaani na moja mkononi, akaitazama kwa muda mrefu.

"Mabibi na mabwana," akasema, "kwenye kitabu halisi cha ile meli hakuna mwanamke hata mmoja. Na hakuna hiki."

Akaiinua torta juu watu wote waione.

Mstari wa mbele alikaa mwalimu mstaafu mmoja, mama mtu mzima, mtulivu. Akainua mkono kama mwanafunzi.

"Samahani, Dokta," akasema. "Si mvua ilikuwa inanyesha?"

Watu wakatikisa vichwa kumuunga mkono. Dokta akala torta yake. Mwishoni mwa jioni alikuwa amekula tano. Lakini Don Fermín hakula. Don Fermín alikuwa amekaa mwekundu hadi masikioni, na asubuhi yake alimwita Nélida ofisini. Mlango uliachwa wazi kwa sababu haujawahi kufungika vizuri, kwa hiyo niliyosikia si umbea, ni ujirani.

"Umewadanganya watoto wa nchi nzima," Don Fermín akasema. "Umenidhalilisha mbele ya Dokta. Yule mwanamke atoke. Kwenye vitabu vyote."

"Ana jina," Nélida akasema. "Anaitwa Isolina."

Hapo ndipo tulipojua. Mama yake Nélida alikufa binti akiwa na miaka mitano, na baba alikuwa mkata manyoya ya kondoo, mtu wa kuhama shamba hadi shamba. Siku ya mazishi ilinyesha. Jirani yao Isolina, mfua nguo mwenye mdomo mchafu na mikono misafi, alimchukua mtoto yule kama mtu anavyoanua nguo za jirani mvua inapoanza, bila kuulizana ni za nani. Akamwingiza jikoni, akamwekea torta ya moto kiganjani, akamwambia ale kwanza, atalia baadaye. Akamlea miaka kumi na mitatu. Alimtukana, alimchapa, alimpeleka shule kwa kumburuta. Sufuria ni yake. Alipokufa hakuacha picha wala mtoto, na kaburi lake lilikuwa la kupangisha, muda ulipokwisha akazikwa mwingine.

"Hayupo popote tena, Don Fermín," Nélida akasema. "Yupo humu tu. Mama yangu nilimzika mara moja. Huyu unataka nimzike mara kumi na nne."

Don Fermín akasema anasikitika, lakini vitabu si makaburi ya watu binafsi. Akate, au aondoke.

"Sikati," Nélida akasema. Akatoka, akapita kwenye meza yangu bila kunitazama, akaenda jikoni, akasugua sufuria ambayo ilikuwa safi.

Kwa kuwa hakukubali, Don Fermín alichukua kalamu nyekundu mwenyewe. Mtu huyu alikuwa hajawahi kufupisha hata salamu. Alianza na kitabu cha meli, akamtoa Isolina kabisa, na kitabu kikaletwa kwangu. Sasa, nguo ukivuta uzi mmoja unafuata mwingine. Isolina alipotoka, mvulana alipona homa bila mtu. Kisu alichopewa naye kikatokea mfukoni chenyewe. Nahodha, ambaye alimwogopa Isolina tu katika meli nzima, akaacha kunywa pombe bila sababu yoyote. Na kurasa nane zikabaki tupu, maana ile nusu ukurasa ya 1968 ilikuwa imenenepa kila toleo. Washington akasema hachapi karatasi nyeupe, yeye si muuza bahasha, basi Don Fermín akazijaza ramani na picha ya mwandishi, mzee mwenye ndevu aliyeonekana hajala.

Ilibaki hatua moja. Kwa desturi ya nyumba hii, kabla kitabu hakijapanda mtamboni husomwa kwa sauti jikoni mbele ya Doña Ema, mjane wa Don Anselmo na mama yake Don Fermín. Alikuwa na zaidi ya miaka themanini, macho yameisha, masikio kama ya sungura, na hakuna kitabu kilichotoka bila yeye kusema "haya". Msomaji nilikuwa mimi. Don Fermín alisimama karibu na jokofu. Nélida alikaa kwenye kiti cha pembeni na mkoba wake mapajani, barua ya kuacha kazi ikiwa tayari imo ndani. Alituambia wazi: Doña Ema akisema "haya", yeye anachukua sufuria anapanda basi la Treinta y Tres.

Nikasoma. Doña Ema alifuma soksi kutoka ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho bila kukohoa. Nilipofunga kitabu akaendelea kufuma. Kisha akaweka sindano chini.

"Na huyu mtoto," akauliza, "alikula nini?"

"Mama," Don Fermín akasema, "ni kitabu cha baharini."

"Baharini hawali?"

"Kitabu halisi hakisemi, mama."

"Basi aliyekiandika alikuwa mwanamume ambaye chakula kilikuwa kinamtokea tu mezani. Kama wewe." Akageukia pale alipodhani Nélida amekaa, na alipatia. "Yuko wapi yule mwanamke mwenye aproni? Nimemngoja tangu homa ilipoanza."

Don Fermín alitazama viatu vyake. Alikuwa na miaka arobaini na saba, mwenye nyumba, mwenye kampuni, na wakati ule alionekana kama mtu aliyekamatwa na kidole kwenye mtungi wa jamu.

"Mrudishe," Doña Ema akasema. "Hata wewe, Fermín, baba yako alikuwa anahangaika kuisimamisha hii biashara, mimi nashinda kwenye mtambo na wino hadi viwikoni. Unafikiri ulipona surua kwa mkono wa nani? Kwa mkono wa Chola wa ghorofa ya chini. Umewahi kumtaja?"

Lazima nimtendee haki bosi wetu, maana ndiye atakayelipia vinywaji Ijumaa. Alisema, na alisema kweli, kwamba hata hivyo watoto hawapaswi kudanganywa: kitabu kikiwa na kitu kisichokuwa cha mwandishi, kisemwe. Nélida akafikiri, akasema hilo ni haki. Akafungua mkoba, akachukua ile barua ya kuacha kazi, akaigeuza upande mweupe, akaandika mstari mmoja, akampa. Tangu siku hiyo mstari huo upo kwenye jalada la vitabu vyote kumi na vinne, chini ya jina la mwandishi: *Kimefupishwa na kukaangwa na Nélida Bentancor*. Dokta Barrientos alitumiwa nakala. Alijibu kwamba sasa hana pingamizi la kitaaluma, na kwamba mke wake anauliza kiasi cha chumvi.

Tangu hapo Nélida amefupisha vitabu vingine vingi. Amewafundisha kazi vijana sita, ambao watano wanamwogopa hadi leo na wa sita ameoa mtu anayefanana naye. Amepewa nishani ya chama cha wachapishaji, ambayo anaitumia kuzuia dirisha la jikoni lisigonge. Na jambo moja nataka liandikwe wazi, kwa sababu wengi wanamkosea. Katika miaka yote arobaini na moja hakumfufua mama hata mmoja. Watu walimwomba. Walimu walileta maombi rasmi: mtoto wa darasa letu amefiwa, hatuwezi kumwacha mama wa kitabuni aishi? Alikataa kila mara. "Aliyekufa amekufa," alisema. "Mtoto anajua. Anachotaka kujua ni nani atapika."

Wiki iliyopita alitangaza rasmi kwamba anaondoka. Siku ya pili ilinyesha, mvua ile ya Agosti ya kupiga kwa ubavu. Tulikaa kwenye meza zetu tukanusa hewa kwa mazoea. Saa nne ikafika, hakuna harufu. Saa tano. Nélida alikuwa kwenye kiti chake kibovu, kibuyu cha chai ya yerba mkononi na chupa ya maji moto chini ya kwapa, anasoma prufu kana kwamba nje kuna jua. Washington alipanda kutoka mtamboni kuja kuangalia kama kuna mtu amekufa.

"Mimi naondoka," Nélida akasema, bila kuinua macho. "Kwa hiyo nauliza: nani atapika?"

Tukatazamana. Tuna wahariri wanne, wachoraji wawili, mtu wa kompyuta na mimi, na kati yetu hakuna aliyewahi kushika ule unga. Miaka arobaini na moja chakula kilikuwa kinatutokea tu mezani.

Mlango usiofungika ukafunguka, akatoka Don Fermín. Akavua koti. Akavua tai. Akakunja mikono ya shati la hariri, akauliza unga unakaa wapi, na Nélida akamwelekeza kwa kidevu. Alikanda kwa maji ya uvuguvugu, kama yule mkaguzi alivyoelekeza. Alimwaga nusu ya unga sakafuni na kuunguza vidole viwili. Alitoa tundu katikati kwa kidole, kwa uangalifu mkubwa, kama mtu anayetia sahihi hati ya nyumba. Torta ya kwanza ilitoka nyeusi upande mmoja na mbichi upande wa pili. Akafuta mikono kwenye aproni, maana alikuwa amevaa aproni, akaibeba hadi kwenye meza ya Nélida na kumwekea kiganjani.

Nélida aliitazama. Mwanamke huyu hatujawahi kumwona akilia, wala siku ile ya barua, wala tulipomzika Doña Ema. Mdomo ukaanza kumtetemeka. Akataka kusema kitu, nadhani kuhusu chumvi.

"Kula kwanza," Don Fermín akamwambia. "Utalia baadaye."

Akala yote, hadi pale palipoungua. Kisha akalia, kwa utaratibu, mpaka akamaliza, nasi tukasimama kumzunguka, kila mmoja na torta mbichi ya Don Fermín mkononi.

Asante, Doña Nélida, kwa kila ukurasa ulioukata na kila mwanamke uliyembakiza. Nenda Treinta y Tres kwa amani, uishi miaka mingi na mvua za kutosha. Sufuria umesema unatuachia. Don Fermín ameanza kujifunza, na torta ya Ijumaa anasema itaiva pande zote mbili.